Kwa Nini Sikununua Lenzi Nyeupe

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: "Bro, nina elfu hamsini, nichukue 70-200 ama?" Nikimuuliza anataka kupiga nini, hasemi harusi. Anasema anataka kutembea. Longonot, Magadi, Ngong, Naro Moru. Milima, mabonde, barabara ndefu zinazopotelea mbali. Halafu unaona kabisa msee ameshaamua, na anachotaka kwangu ni baraka tu aende achukue ile lenzi nyeupe.

Mimi baraka sitoi. Nina miaka ishirini na mbili, niliacha chuo mwaka wa pili, napiga picha za mahafali na ruracio, na kila shilingi inayoingia kwa M-Pesa yangu inaingia ikiwa tayari ina mwenyewe. Sijawahi kuwa na pesa ya kununua lenzi mbili ndiyo nione ipi inanifaa. Kwa hivyo hii nilikaa chini nikaihesabu, na wacha nikuonyeshe hesabu yenyewe.

Kwanza, kuna watu watashangaa lenzi ndefu ni ya nini kwa picha za mandhari. Tumezoeshwa kwamba mandhari ni lenzi pana, ile inayoingiza kila kitu kuanzia mawe ya miguuni hadi mawingu. Sawa, huo ni mtindo mmoja. Lakini fikiria ile asubuhi mvua imenyesha usiku, hewa imeoshwa, na Mlima Kenya unaonekana kutoka Nairobi. Macho yako yanauona mlima, mkubwa kabisa, unasimama hata kama umechelewa. Unatoa simu, unapiga. Kwa picha kuna paa za mabati, nyaya za stima, tangi la maji la jirani, na kule mbali kitu kama chunusi. Simu haijakosea. Imeonyesha kila kitu kilichokuwa mbele yako, na mlima ukapata nafasi yake ndogo kati ya vitu vingine. Macho yako ndiyo yalikuwa yamechagua. Lenzi ndefu inakuruhusu kamera nayo ichague.

Mimi suala hili lilinifikia nyumbani. Cucu yangu, mama yake mathe, anaishi upande wa Naro Moru, kwenye njia inayoelekea geti la mlima. Kutoka kwa mlango wake wa jikoni Kirinyaga iko pale, imesimama, kila siku ya maisha yake kwenye ile boma. Jicho lake la kulia sasa linaona mwanga tu. La kushoto bado, lakini linazidi kufunga kutoka pembeni. Daktari alituambia ni glaukoma, na akaeleza vizuri: kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Krismasi nilimpiga picha amesimama mlangoni na mlima nyuma yake. Akaishika simu karibu kabisa na lile jicho la kushoto, akaangalia, akaangalia tena, halafu akaniuliza kwa upole, "Mwana wakwa, na mlima uko wapi?"

Ulikuwa hapo, kati ya paa na mti, mdogo kama kipande cha sukari.

Basi nikaanza kuchanga. Kufikia Februari nilikuwa na 52,000. Na mathe, ambaye hajawahi kunikataza kamera hata nilipoacha shule, alisikia bei ya lenzi nyeupe akaniambia sentensi moja tu: "Kwa hivyo utanunulia kamera jicho la elfu arobaini na nane. La cucu je?" Hakuwa ananigombeza. Dawa ya matone inanunuliwa kila mwezi na haiishi, na mimi ni mmoja wa wale wanaoinunua. Kwa hivyo ukiniona hapa nikibishana kuhusu gramu na milimita, jua kila elfu niliyookoa kwa lenzi ilikuwa na mahali pa kwenda.

Sasa hesabu. Niliacha chuo lakini hesabu haikuniacha.

Kamera yangu ni Canon 200D. Sensa yake (si ile ya kuhesabu watu) ina upana wa milimita 22.3. Ukitaka kujua lenzi itameza upana gani wa dunia, chukua 22.3, gawanya kwa milimita za lenzi, halafu zidisha kwa umbali wa kitu unachopiga. Basi. Kutoka boma la cucu hadi kilele, kwa ramani ya simu, ni kama kilomita 25 moja kwa moja. Lenzi iliyokuja na kamera, 18-55, ikiwa kwenye 18 inaingiza kilomita 31 za mlima. Ikiwa kwenye 55, kilomita 10. Lenzi ya 200 inaingiza kilomita 2.8. Ya 250, kilomita 2.2. Ya 300, kilomita 1.9.

Angalia hizo namba tena. Kutoka 18 hadi 200 dunia inabadilika. Kutoka 200 hadi 250 hadi 300 ni kama kusogea hatua mbili. Watu wanapigana juu ya 200 na 300 kana kwamba ni mbingu na ardhi, na hali ukishafika 200 kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu, umefika. Kwa sensa kubwa, ile ful-fremu, 250 yangu inaonekana kama 400.

Kuna wale watasema, "Si upige pana halafu ukate picha?" Hesabu inajibu. Vilele vyenyewe, Batian na Nelion na mabega yao, tuseme vinachukua kilomita 2. Kwa lenzi ya 18 hizo kilomita 2 zinapata pikseli kama 390 kati ya 6,000 za upana wa picha yangu. Hiyo haitoshi hata kuwa picha ya wasifu ya heshima. Kwa lenzi ya 250 zinapata zaidi ya 5,000. Hakuna programu itakurudishia pikseli ambazo hukuzipiga.

Kwa hivyo nilijua nataka kitu kinachoanza karibu na 55 au 70 na kuishia 200 au 250. Nikaenda tauni. Fundi wa kamera aliyenihudumia alipanga tatu juu ya kioo, zote za mitumba. Canon 70-200 f/2.8 IS ya pili, nyeupe, kubwa kama chupa ya maziwa ya lita mbili, gramu 1,490. Bei sikuuliza mara mbili. Canon 70-200 f/4, nyeupe pia, ndogo zaidi, ile ya 1999 isiyo na kituliza mtikisiko, gramu 705, shilingi 48,000. Na pembeni, kama mtoto wa kambo, EF-S 55-250 IS STM, nyeusi, plastiki, gramu 375, shilingi 20,000. Jamaa hata hakuigusa. Aliniwekea ile ya 48,000 mkononi akasema, "Bosi, hii ukiingia nayo mahali hawakuulizi maswali."

Na hapo ndipo pana ukweli ambao hatuusemi. Nusu ya bei ya lenzi nyeupe ni glasi nzuri, na sibishi, ni glasi nzuri sana. Nusu ya hamu yake ni kuonekana. Mimi nimekaa kwenye ruracio ambapo mjomba wa bibi harusi alimtazama mpiga picha mwenzangu, akaona lenzi nyeusi fupi, akauliza "fotografa mwenyewe anakuja saa ngapi?" Inauma. Lakini mlima haukuangalii lenzi.

Sikuamua siku hiyo. Nilimtafuta msee anayekodisha vifaa, nikachukua ile kubwa ya f/2.8 kwa siku moja, nikaenda Longonot. Ningependa kila mtu anayetaka kununua afanye hivi, maana gramu kwenye karatasi si gramu mgongoni. Longonot ina mita 2,776 pale juu kabisa, na mzunguko wa ukingo wa kreta pekee ni kama kilomita 7, vumbi lile laini linaloteleza. Kamera yangu na hiyo lenzi ni karibu kilo 2. Saa ya kwanza nilikuwa nayo shingoni kama mtu wa maana. Saa ya pili ilikuwa kwenye bega. Saa ya tatu ilikuwa ndani ya begi, na hapo ndipo shida inaanza, kwa sababu kitu kikiwa ndani ya begi kuna vitu hutavipiga. Kivuli cha wingu kimepita juu ya Ziwa Naivasha, kimekaa dakika moja hivi, kikaenda. Nilikiona na macho yangu mazuri. Nilikuwa nimechoka kufungua zipu.

Jioni nikakaa na picha zote nikatoa zile nilizozipenda, nikasoma data zake. Hakuna hata moja iliyopigwa kwa f/2.8. Hakuna. Zote zilikuwa f/7.1, f/8, moja f/11. Na ukifikiria, ingekuwaje tofauti? Kwa mandhari unataka mti wa mbele na mlima wa nyuma vyote viwe vikali, kwa hivyo unafunga tundu la lenzi hadi f/8 hivi, mahali ambapo hata lenzi ya kawaida inatoa kazi safi. Ule uzito wote wa f/2.8 ni wa kuingiza mwanga ambao wewe mwenyewe unaufunga usiingie. Ni kama kukodi lori kubeba mandazi.

Sisemi f/2.8 haina kazi. Kanisani, jioni, mwanga wa balbu moja na bibi harusi anatembea, hapo nipe f/2.8 na ulipwe haki yako. Nikipata kazi ya hivyo nakodisha, na mteja analipia. Lakini nisibebe kanisa hadi juu ya Longonot.

Ikabaki ile nyeupe ya f/4 dhidi ya ile nyeusi. Hii ilikuwa ngumu zaidi, na sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Ile f/4 ni kali kuliko nyeusi, hasa pembeni mwa picha. Ni chuma, na zumu yake inazunguka kama siagi. Kama kamera yangu ingekuwa ful-fremu ningeichukua bila kufikiri, kwa sababu lenzi za EF-S kama hiyo nyeusi haziingii hata kidogo kwenye Canon za ful-fremu zenye kioo. Ukiwa unapanga kuhama mwaka huu, hilo peke yake linaamua.

Lakini mimi sihami. Na ile ya 1999 haina kituliza mtikisiko, herufi mbili tu, IS. Kuna kanuni ya zamani: ukishika kamera kwa mkono, kasi ya shata isipungue moja juu ya urefu wa lenzi, ukihesabu na ule ukuzaji wa sensa ndogo. Kwa 200 kwenye kamera yangu hiyo ni 1/320. Kwa 250 ni 1/400. Sasa jua likianza kuzama, na umefunga f/8, 1/400 inakulazimisha upandishe ISO hadi picha ianze kuwa na chenga kama uji wa wimbi, ama ubebe tripodi, na ukishabeba tripodi ule wepesi umeisha. Ile nyeusi ina IS ambayo Canon wanasema inakupa hatua 3.5. Toa chumvi kidogo, sema hatua mbili na nusu. Bado 1/400 inakuwa kama 1/80 na picha imetulia. Kwa mtu wa kutembea kwa miguu, hizo herufi mbili zina thamani kuliko rangi nyeupe.

Halafu mambo madogo ambayo hakuna mtu hukuambia dukani. Filta ya nyeusi ni milimita 58, sawa na ile ya 18-55 niliyo nayo, kwa hivyo polaraiza moja inatumika kote. Nyeupe ni 67. Mbele ya nyeusi hapazunguki ikitafuta fokasi, basi polaraiza inakaa ulivyoiweka. Na inaingia kwenye mfuko wa jaketi. Hii ya mfuko si mzaha: mimi naishi Rongai, natembea na matatu, nashuka gizani. Kitu cheupe shingoni kinaongea na watu ambao sitaki waongeleshwe.

Ndiyo, mlango wake wa kushikia kamera ni plastiki. Ndiyo, ikinyesha unaificha. Ile nyeupe ya zamani pia haijazibwa kuzuia maji, usidanganywe na sura.

Kama huna Canon, wazo ni lile lile. Nikon wadogo wana AF-P DX 70-300, gramu 415 ikiwa na VR. Hakikisha unaona hizo herufi VR, kwa sababu kuna ndugu yake asiyekuwa nazo na wanafanana kabisa. Pia AF-P haifanyi kazi na Nikon za kitambo kama D90, kwa hivyo nenda dukani na kamera yako. Wa Fujifilm mna 55-200 ya gramu 580. Wa Sony mna Tamron 70-300 ya gramu 545, haina kituliza ndani yake, inategemea kamera. Wa Canon mpya zisizo na kioo mna RF 100-400, gramu 635, ambayo kwa mchana wetu wa hapa ni tamu sana. Na ile Canon 75-300 ambayo huja imefungashwa na kamera kama zawadi, mimi siitaki hata kwa bure: gramu 480, hakuna IS, na ukiifikisha 300 inakuwa laini. Ongeza pesa kidogo.

Nikarudi dukani na tochi ya simu. Ukinunua mitumba fanya hivi, na muuzaji akikasirika toka. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili ukiinamisha lenzi. Vumbi kidogo si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyuzi kama utando wa buibui kwenye kioo: hiyo ni kuvu, na lenzi zilizokaa bila kutumika mahali pa joto na unyevu huwa nayo. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho, isikwame wala isikwaruze. Washa IS, weka sikio, uisikie ikitulia. Halafu toka nje hadi mlangoni, piga maandishi ya jengo la ng'ambo ya barabara kwa 250, f/5.6 na f/8, ukuze kwa skrini uangalie pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu safi, huenda hiyo lenzi iliwahi kuanguka. Yangu ilikuwa safi. Kutoka 20,000 tukafika 17,500, nikaongeza 1,800 ya polaraiza.

Lakini sasa ngoja, maana hapa ndipo watu hulaumu lenzi bure. Lenzi ndefu inapiga kupitia hewa nyingi. Nenda Magadi saa saba mchana, elekeza lenzi yoyote unayotaka, hata ya laki tatu, ng'ambo ya ziwa. Utapata supu. Ile hewa ya moto inayocheza juu ya magadi inapinda mwanga kabla haujakufikia, na hakuna kioo kitakachounyoosha. Piga alfajiri, ama baada ya mvua, ama sogea karibu. Ukungu wa mbali, ule wa bluu, polaraiza inaupunguza jua likiwa ubavuni mwako, na kidogo unaweza kuusafisha kwenye kuhariri. Ile hewa inayocheza huwezi.

Mlima wenyewe una masharti yake. Januari na Februari ni kukavu, asubuhi mara nyingi uko wazi, na kufikia saa nne mawingu yameshaufunika. Sasa boma la cucu liko magharibi ya mlima. Maana yake asubuhi, wakati uko wazi, jua linatokea nyuma yake na unapata umbo jeusi tu. Zuri, lakini si sura. Ukitaka jua liupige usoni lazima ungoje jioni, na jioni ni mchezo wa bahati. Nililala kwa cucu siku tatu. Jioni ya kwanza hakuna. Ya pili ulifunguka upande mmoja ukafunga kabla sijamaliza chai.

Na kulikuwa na shida ingine ya kupanga. Nikisimama karibu na nyumba, nyumba inajaza picha na mlima unabaki mdogo. Nikizumu mlima, nyumba inatoka. Watu husema lenzi ndefu "huvuta" mlima karibu, haivuti chochote. Dawa ni miguu. Nilirudi nyuma hadi shamba la jirani, kama mita 300. Kwa umbali huo nyumba imekuwa ndogo sana, na mlima haujapungua, maana mita 300 kwa kilomita 25 ni nini? Halafu nikazumu hadi 135 na kusimamisha kamera wima, kwa sababu kilele kiko zaidi ya kilomita 3 juu ya boma na kwa picha ya kulala hakingeingia pamoja na mlango. Kwa 135 wima, upana pale kwa nyumba ni kama mita 33, basi nyumba inachukua theluthi, na mlima unapanda juu yake mpaka karibu na mwisho wa picha. Hapo ndipo unaelewa kwa nini unataka zumu na si lenzi ya urefu mmoja: nilihitaji 135 jioni hiyo, si 200, si 250, na singejua hadi nisimame pale.

Jioni ya tatu ulifunguka saa kumi na mbili na robo. Cucu alikuwa amekaa mlangoni kwa kiti cha plastiki. f/8, 1/125, ISO 200, kiwiko nimekiegemeza kwa nguzo ya ua. Nilipata picha kama arobaini kabla mawingu hayajarudi. Jirani alikuwa anauliza kama napima shamba.

Faili ya pikseli 6,000 kwa 4,000 inachapika vizuri kwa ukubwa wa A2, zaidi ya pikseli 250 kwa kila inchi, hata bila kukuza. Nilichapisha moja, fremu ya mbao, na bado nilibaki na pesa ya matone ya miezi kadhaa. Mathe alihesabu mwenyewe akanyamaza, na kwa mathe kunyamaza ni makofi.

Cucu haitazami kwa mbali. Anaitoa ukutani, anaiweka juu ya magoti, anainama na jicho la kushoto, anaisoma kipande kwa kipande kama barua. Alifika pale kati ya vilele akaweka kidole. "Hapa palikuwa peupe pote," akasema. Alipokuwa msichana barafu ilikuwa inashuka hadi kule, akaonyesha sentimita kadhaa chini kwenye mwamba mtupu. Barafu ya mlima ule imepungua sana, hilo wanasayansi wamelipima miaka mingi, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuonyeshwa na mtu kwa kidole.

Sasa anataka nyingine. Alizaliwa upande wa Kerugoya, na anasema kutoka kule mlima una sura tofauti, kama mtu ukimwona kwa ubavu. Nimeshapima kwenye ramani: karibu kilomita 40 hadi kilele. Kwa 250 ni upana wa kilomita tatu na nusu, na jua la asubuhi kutoka kule linaupiga kwa upande. Naenda Januari, na matatu ya saa kumi na moja asubuhi. Begi halitakuwa na kitu kingine ila sweta na chupa ya chai.